Mfuko wa Mize na Amri ya Rais

Mize alikufa Jumatano, mwezi wa kumi wa mwaka 2001, hospitali, saa nne za asubuhi. Alhamisi wakamzika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kaburi lilikuwa na maji, wakayateka kwa ndoo. Makungu, mumewe, alishika ndoo mwenyewe. Walitaka kumpokea, akawaambia wamwache.

Makungu alikuwa na miaka sitini na saba. Karibu thelathini kati ya hiyo aliimaliza Saltley, mtaa wa Birmingham, Uingereza, kwenye kiwanda kidogo cha kukata mabomba ya shaba, mpaka kiwanda kikafungwa. Kusoma hakujua. Jina lake aliweza kuliandika, maana Mize alimfundisha ili asiwe anatia dole gumba mbele za watu. Qur'ani yake ilikuwa kichwani, aliyoishika chuoni Ng'ambo, Unguja, kabla hajaota ndevu. Watoto hawakujaaliwa. Maneno yake yalikuwa machache, kwa kuwa Mize alikuwa akisema ya wawili.

Siku mbili kabla hajafa, Mize alimwambia jambo moja.

"Arobaini yangu isomwe Konde, kwa mama. Watu wale washibe."

"Itasomwa," Makungu akajibu.

Mama huyo, Bi Saleha, alikuwa hai huko Pemba, ameshapita themanini, macho yamezima. Tangu bintiye aondoke mwaka sitini na nane, walikuwa wameonana mara mbili.

Hitma ya siku ya tatu ilisomwa nyumbani kwa Makungu, Saltley. Baada ya dua, mfuko ukapita.

Mfuko huo sharti uelezwe, maana ndio uliomtia Makungu matatani. Wazanzibari wa Saltley na Small Heath walikuwa na chama chao cha kuzikana. Vyama vingine huwa na daftari, fulani katoa kumi, fulani bado. Mize alilikataa daftari tangu mwanzo. Alishona mfuko kwa kitambaa cha kanga, ukawa na mdomo mrefu kama mkono wa kanzu, mtu anazamisha mkono wake mpaka kiwiko. Na kila mtu lazima atie mkono, hata asiye na kitu. Mwenye nacho anaweka. Mwenye shida anachukua. Mkono unaingia umefumbwa, unatoka umefumbwa, na anayetazama haoni zaidi ya hayo. Mize aliupitisha kwa wanawake, Makungu kwa wanaume, miaka kumi na minane. Kilichobaki ndani ndicho kilichohesabiwa, na katibu akaandika jumla tu na kupeleka benki.

Vijana walikuwa wakimtania. "Bi Mize, na akija mwizi?"

"Anayeiba kwenye mfuko wa maiti ana shida kuliko maiti. Mwacheni achukue."

Mwaka ule wenye kuchukua walikuwa wengi. Mwezi wa kwanza risasi zilipigwa Pemba siku ya maandamano, watu wakakimbia kwa ngalawa kwenda Kenya, na wachache wao wakafika mpaka Birmingham. Walikuwa hawajapewa karatasi wala ruhusa ya kufanya kazi. Nao walikuja kwenye hitma, nao walitia mkono.

Siku ya Mize mfuko ulitoka mzito kuliko siku zote. Paundi elfu moja na zaidi. Feisal, katibu wa chama, akazipeleka benki, Coventry Road, akaandikisha zitumwe Konde kwa ajili ya arobaini. Wiki ikapita, ya pili ikapita, ya tatu. Konde hazikufika. Ikafika barua.

Barua zote za Makungu alikuwa akizisoma Jagdish. Huyu alikuwa mwenzake wa kiwandani, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mtu wa gazeti na ubishi. Tangu Mize afe alikuwa anakuja mara mbili kwa siku, anasema amefuata chai.

"Chai yako imekuwa mbaya sana tangu mama aende," akasema siku hiyo, akamimina kikombe cha pili.

"Usinywe."

"Nikiacha, nani atakusomea?" Akavaa miwani, akaipitia barua, akairudia. Kisha akalitandaza gazeti mezani kando yake. "Sasa skiza, bana. Yale majumba yalipoanguka New York, rais wa Marekani aliandika amri. Amri yake mwenyewe, bunge haikupiga kura. Amri inasema mtu akishukiwa anasaidia magaidi, mali yake yote inafungwa, na anayefanya biashara na yeye pia aangaliwe. Kuna orodha ya majina. Mwezi wa tisa ilikuwa fupi. Wiki hii wameongeza ofisi za Wasomali za kutuma pesa."

"Mize si Msomali."

"Ngoja. Mwezi wa nane, ile pesa ya kumzika yule mzee wa Wete, chama yenu iliituma kupitia wapi?"

"Kwa Wasomali, hapo Small Heath. Ilifika siku ya pili. Benki inachukua nusu mwezi."

"Basi ndiyo hiyo. Serikali ya hapa imefuata ya kule. Benki imeangalia nani alipitisha pesa kwa Wasomali, ikawaona nyinyi. Imefunga akaunti yenu. Wanataka majina."

"Ya nani?"

"Ya kila mtu aliyetoa. Jina, anwani, kiasi gani. Miaka miwili nyuma. Na sahihi yako chini, maana wewe ndiye mwenyekiti. Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo."

Makungu akazungusha kikombe chake. Jumapili baada ya Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa arobaini.

"Huyo rais anamjua Mize?"

"Sina hakika kama hata Birmingham anaijua."

"Lakini amri yake imefika Konde kabla ya hela."

Jagdish akavua miwani.

Jumatatu Feisal alikuja na karatasi tatu zilizopigwa chapa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Unguja mjini, anasomea uhasibu, mwenye haraka na mwenye moyo mzuri. Alikaa kitako kwenye ukingo wa kochi, koti hakulivua.

"Ami Makungu, nimeimaliza. Nimekaa nayo siku mbili. Majina sabini na moja, wote waliokuja mazikoni na kwenye hitma za mwaka jana na mwaka huu. Nimewagawia, huyu kumi na tano, huyu ishirini. Sikuwaweka sawasawa wasije wakashuku. Jumla inakubaliana na benki. Bado sahihi yako tu."

"Umewauliza?"

"Niwaulize nini? Hakuna anayejua alichotoa mwenzake. Hata wewe hujui."

"Sasa umejuaje wewe?"

"Ami, hii ni karatasi. Wanataka karatasi, tunawapa karatasi. Tukiwapa, hela za marehemu zinakwenda, arobaini inasomwa, yamekwisha."

Makungu akamwonyesha zile karatasi. "Nisomee."

"Yote?"

"Yote."

Feisal akasoma. Makungu alifumba macho kama mtu anayesikiliza dua. Kwa jina la kwanza akaitika. La pili akaitika. La kumi na nne akanyanyua kidole.

"Rudia hapo."

"Ahmada Khatib. Paundi ishirini kila hitma."

"Ahmada anakula kwa vocha za serikali. Dukani anatoa vocha, hata chenji hawamrudishii. Ishirini kazipata wapi?"

Feisal akairudia karatasi, akalitafuta jina.

"Watamuuliza," Makungu akasema. "Kisha watamuuliza nani aliyemwajiri. Ni lile banda la kuku ulilompeleka wewe."

Ahmada, mmoja wa wale waliokimbia Pemba, alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Feisal, na kazi ya kuku alimtafutia yeye, kwa mlango wa nyuma. Katika ile haraka ya kutaka hesabu itimie alikuwa amewageuza wote kuwa watoaji, na waliokuwa wakichukua amewaandikia walichoweka. Akatoa kalamu mfukoni.

"Basi namfuta huyu. Namfuta yeye na wale wanne waliokuja naye."

"Na Bi Asmahan wa Small Heath, aliyefiwa na mumewe, mwenye watoto sita?"

"Naye namfuta."

"Na yule wa Northfield asiye na kazi?"

"Ami, nikifuta wote jumla haitimii."

"Sasa umeshaanza kazi yao. Unachagua nani abaki."

Feisal akairusha kalamu juu ya karatasi. Sauti ikampanda. "Unataka nifanye nini? Nimekuwa katibu miaka minne, kila siku nasema tuandike, tuandike. Bi Mize alikuwa anacheka. Leo kicheko kimetufikisha wapi? Yeye mwenyewe ndiye anayekosa hitma yake. Ulimuahidi. Mimi nilikuwepo pale hospitali, nilisikia."

Hapo palimchoma Makungu. Akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba, akafunga. Aliporudi hakukaa.

"Mwaka sitini na nne," akasema, "mwezi ule wa mapinduzi, walikuja watu watatu kwetu Ng'ambo. Mmoja ana kitabu. Akaniuliza nani wanalala humu. Sikupigwa wala sikutishwa. Niliulizwa kwa adabu tu, kama benki. Nikamtajia. Mimi, mke wangu, ndugu yangu Ishaka. Nilidhani mtu asiye na kosa kutajwa hakumdhuru."

"Ishaka alikuwepo?"

"Alikuwa ametoka. Angeweza kutokuwepo siku zote. Usiku wa pili walirudi, wakamwita kwa jina lake kamili, nililowapa mimi."

Feisal akamtazama. Yeye mwaka huo alikuwa hajazaliwa, na kwao hadithi za mapinduzi zilisimuliwa namna nyingine.

"Alirudi?"

"Hakurudi. Miezi miwili baadaye ikatoka amri ya rais ya kuchukua majumba ya watu. Jirani akanisomea karatasi iliyobandikwa mlangoni, kama Jagdish anavyonisomea hizi. Nilitoka na mkeka." Akaziokota zile karatasi tatu, akazikunja mara mbili, akampa Feisal mkononi. "Hizo kazichome kwako. Usizitupe pipani, hata zikichanwa zinaungwa."

"Na Bi Mize?"

"Mize ni wangu. Mimi ndiye nitakayemjibu."

Feisal akaondoka bila kuaga vizuri. Makungu akabaki amesimama, na ile ahadi ya hospitali imemkaa kifuani kama kipande cha muhogo kilichokwama. Hakuna lingine ambalo Mize aliwahi kumwomba kwa namna ile.

Jumatano alivaa koti la mazikoni, akampitia Jagdish, wakapanda basi mpaka Coventry Road. Benki waliwakuta wakipangusa sakafu. Mama aliyewapokea alikuwa Mzungu wa makamo, mpole, akawaletea maji. Jagdish alikuwa mkalimani.

"Anasema pole sana kwa msiba."

"Mwambie ahsante."

"Anauliza orodha iko wapi."

"Mwambie haipo."

"Anasema bila orodha pesa haitoki."

"Mwambie zikae."

Jagdish akamgeukia. "Zikae? Wewe mzee, arobaini ni Jumapili."

"Najua arobaini ni lini. Mwambie zikae. Mwambie hata tungekuwa nayo tusingeitoa."

Jagdish akamwambia. Yule mama akaongea kirefu, kwa upole uleule, viganja vyake wazi mezani.

"Anasema si yeye anayetaka. Anasema ni sheria."

"Mwambie ni amri. Wewe ndiye uliyenisomea. Mtu mmoja kaandika, wengine wakanakili. Nimeshakaa chini ya amri ya rais, nazijua zinavyoanza. Zinaanza kwa kutaka majina."

"Hiyo siwezi kumwambia, bana. Ataita mlinzi."

"Mwambie."

Jagdish akakohoa, akajiweka sawa kitini, akamwambia. Alipofika katikati alionekana kuanza kuifurahia. Mlinzi hakuitwa. Yule mama akavuta fomu, akaandika.

"Anaandika nini?"

"Anaandika kwamba mwenyekiti amekataa. Anauliza kama anaweza kuweka jina lako. Anasema ufikirie kwanza, maana likishaingia humo litakwenda juu, na yeye hajui linaishia wapi."

"Langu?"

"Lako peke yake."

"Nipe kalamu."

Makungu akaivuta ile fomu, akaandika jina lake kama Mize alivyomfundisha, polepole, herufi moja baada ya nyingine, ulimi umeshikwa na meno. Watu wawili walikuwa wanasubiri nyuma yao. Hakuharakisha.

"Mwambie mfuko nimeubeba mimi miaka kumi na minane. Mwenye swali aje Saltley, nipo. Waliotia mkono siwajui."

"Unawajua wote," Jagdish akanong'ona kwa Kiswahili.

"Hilo usilifasiri."

Waliokuja Saltley walikuwa maofisa wawili, kabla ya Krismasi, na tai zao. Wakanywa chai, wakauliza yaleyale, wakajibiwa yaleyale. Na zile hela zilikaa benki mwaka na miezi miwili, kisha zikafunguliwa kwa barua ya mistari mitatu ambayo haikusema zilifungwa kwa nini. Lakini hayo yalikuwa mbele. Siku ile, kutoka benki, Makungu alinunua kadi ya simu kwenye duka la jirani, akarudi nyumbani kupiga Konde kabla huko hakujachwa.

Simu ya huko ilikuwa ya jirani yao. Akangoja Bi Saleha aongozwe mpaka pale. Alimsikia akihema kabla hajamsikia akisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Umekula?"

"Nimekula. Mama, hela za Mize hazitakuja."

"Kazizuia nani?"

"Rais wa Marekani."

"Mize kamkosea nini?"

"Hakumkosea kitu."

"Basi wanataka nini?"

"Majina ya watu waliotoa."

"Ukawapa?"

"Sikuwapa. Nilimuahidi Mize watu watakula, mama. Sasa nimeivunja ahadi."

"Wewe ulimuahidi hitma, hukumuahidi benki," Bi Saleha akasema. "Ungewapa majina ya watu kwa ajili ya sahani ya wali, angekusuta mpaka kaburini mwake, unamjua mwanangu. Hitma itasomwa. Kama ni muhogo, muhogo. Wewe Jumapili tupigie, tukishafuturu. Na uwe na kadi ya maana, hizo zako zinakatika."

Jumapili nyumba ilijaa. Kulikuwa na mvutano wa mwezi, kama kila mwaka. Waliofunga Ijumaa walisema ni tatu Ramadhani, waliofunga Jumamosi wakasema ni pili, na Jagdish, ambaye hakufunga kabisa, akawauliza kama mbinguni nako kuna kamati mbili. Ahmada alikaa karibu na mlango. Feisal aliingia wa mwisho. Mikononi hakuwa na karatasi. Akampa Makungu mkono, akakaa miguuni pake bila kusema kitu.

Saa tisa na nusu Makungu akaweka simu katikati ya mkeka, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti. Huku jua lilikuwa bado lipo, jembamba, nyuma ya paa za mtaa. Huko walikuwa wameshaswali magharibi. Kwanza zilisikika kelele za watoto na masufuria, kisha Bi Saleha.

"Makungu, unanisikia? Uwanja umejaa. Kumepikwa muhogo wa nazi, kuna ndizi, kuna samaki, kuna na wali wa nani sijui. Watu wamekula, wanasema wameshiba. Mwambie mwanangu wameshiba."

Makungu akaisogeza simu kwa Feisal. Feisal akainamia simu.

"Shikamoo, bibi. Hivyo vyakula kavileta nani?"

"Marahaba. Nimeviona? Mimi kipofu. Kwani wewe ndiye benki?"

Chumba kizima kikacheka, hata Ahmada, na Feisal akacheka huku amejifunika uso. Kisha huko Konde mtu akaanza Yasin, sauti ya mzee, na wengine wakaingia nyuma yake, wengi, wanaume kwa wanawake. Sauti ilikuja kwa mawimbi, inapotea, inarudi. Makungu alikuwa ameshika magoti yake na machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Walikuwa wamepita katikati ya sura pale simu ilipotoa mlio mmoja, na Konde ikazimika. Kadi imekwisha. Feisal akaruka, anajipapasa mifuko, anauliza nani ana kadi nyingine, duka gani liko wazi.

"Kaa," Makungu akasema.

Hakuhitaji msahafu. Aliishika aya palepale walipoiachia wale wa Konde, kwa sauti kubwa ambayo wengi mle ndani hawakuwahi kumsikia nayo, na kabla hajaimaliza wote walikuwa wamekwisha kuingia.